Kilomita 10 za Trondheim: nilienda kuwangoja wa mwisho

Jumanne, 25 Februari 2025

Treni ya Oslo kwenda Trondheim inakula karibu saa saba. Nimekaa dirishani upande wa ziwa Mjøsa, begi la ski liko juu kwenye rafu, chai ya maziwa iko kwenye chupa manake chai ya treni siiwezi, na behewa lote ni bendera na kofia nyekundu. Mashindano ya dunia ya ski yanaanza kesho. Karibu kila mtu humu ndani anaenda kumwona Johannes Høsflot Klæbo, nyota wa ski wa Norwe, akiteleza nyumbani kwao. Mimi pia nitamwona, nani hataki, lakini nimeomba likizo kazini kwa sababu ya mbio moja tu, kilomita 10 klasiki ya wanaume Jumanne ijayo (klasiki ni ule mtindo wa ski mbili kwenda sambamba ndani ya mifereji ya theluji), na ndani ya hiyo mbio nawataka wale watakaofika mwisho.

Wacha nieleze kidogo. Mimi ni mtu wa Uasin Gishu. Tarehe 12 Februari 1998 nilikuwa bado shule ya msingi, na mtu wetu Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800, mpwa wake yule Mike Boit aliyeleta shaba ya 800 kutoka Munich 1972, alisimama kwenye theluji ya Nagano kule Japani, Mkenya wa kwanza kabisa kwenye Olimpiki ya baridi. Yeye na Henry Bitok walikuwa wamepelekwa Finland 1996, Nike ikiwadhamini, na kabla ya hapo Boit hakuwa anaijua theluji. Miaka miwili tu! Halafu unawekwa kwenye kilomita 10 klasiki pamoja na Bjørn Dæhlie, bingwa mkubwa wa Norwe. Dæhlie alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 47 na sekunde 25, na Dæhlie akagoma kwenda kupokea dhahabu yake mpaka amngoje, akamkumbatia pale pale kwenye mstari. Boit baadaye akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Hapa Norwe nimeisikia hii hadithi mara nyingi sana, kila nikisema natoka Kenya naambiwa. Wanaisimulia kwa upendo, siwezi kukataa. Lakini siku zote ni hadithi ya wema wa Dæhlie. Nyumbani nako watu wanaisimulia wakicheka. Sijawahi kumsikia mtu, huku wala kule, akiuliza Boit aliwezaje kupanda vile vilima. Nimekuwa nikijifunza ski miaka minne sasa na hilo swali linanikera kila msimu.

Tumepita Lillehammer, pale 1994 Waitaliano waliwapiga Norwe kwenye mbio za Olimpiki za kupokezana kwa tofauti ya sekunde 0.4, na mzee aliyekaa mbele yangu bado anaumia, alinionyesha kwa vidole viwili jinsi pengo lilivyokuwa dogo. Baada ya Dombås theluji ni nyingi, nyeupe mpaka macho yanauma. Tukashuka Oppdal, na kadiri tulivyokaribia Trondheim nikaanza kuona majani. Majani ya kijani, Februari! Joto liko juu ya sifuri. Nikajua wiki hii itakuwa ya nta, ile inayopakwa chini ya ski, manake joto likibadilika nayo inabadilika.

Nimefikia kwa mama mmoja wa Bukavu tuliyejuana kanisani alipokuwa bado Oslo. Alifungua mlango hata sijabisha. "Ingia, ingia ndugu yangu, baridi iko mingi, kwanza ukule." Bugali, sombe (majani ya muhogo) na samaki. Kijana wake ana miaka 14, amekulia hapa, ananiita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, na kitu cha kwanza alichouliza ni ski zangu ziko wapi.

Jumatano, 26 Februari

Leo ni mchujo. Watu wa TV hawajali sana hii siku lakini kwangu ni siku kubwa. Mambo yako hivi, ukiwa na pointi za kutosha za shirikisho la kimataifa, FIS, unaingia mbio za masafa moja kwa moja, usipokuwa nazo unapitia mchujo, mbio fupi kuliko yenyewe, na ni wachache tu wa juu wanaovuka. Kwa hiyo hapa ndipo wanapokutana wale wa nchi zisizo na theluji au zenye theluji ya kubahatisha. Wengi wanafanya mazoezi ya ski za magurudumu kwenye lami mwaka mzima.

Granåsen, uwanja wa mashindano, iko nje kidogo ya mji, tumeenda na basi. Watu hawakuwa wengi, nikapata nafasi pale kilima kinapoanza kukaza. Nikamwona dada mmoja akipanda, uso umekunjamana, kila akisukuma mguu wa kulia ski inarudi nyuma kidogo, kama kiganja tu hivi, anasukuma, inarudi. Ukizidisha hicho kiganja mara hatua zote za kilima utaelewa amepoteza mita ngapi. Na hakusimama. Nilipiga kelele kwa Kiswahili bila kufikiria, "Twende mama, twende!", akageuza kichwa nusu, sidhani alielewa neno lakini alijua ni lake.

Jioni ufunguzi mjini, watu wengi, muziki, tukarudi mapema.

Alhamisi, 27 Februari

Sprinti, mtindo huru, yaani wa kusukuma pembeni kama mtu wa skeiti. Leo ndio nimeelewa kelele ni nini. Asubuhi kila mmoja anateleza peke yake kwa saa, 30 bora wanabaki, halafu wanagawanywa sita sita, raundi moja dakika tatu hivi na imekwisha.

Klæbo ana kitu kwenye kilima ambacho TV haionyeshi vizuri. Wenzake wanapanda kwa nguvu, unaona mabega yanafanya kazi. Yeye ghafla anabadilisha mdundo, hatua zinakuwa fupi na nyingi, kama mtu anayekimbia, na mimi natoka Eldoret, nikiona mtu anakimbia najua. Kocha wake toka utotoni ni babu yake mzaa mama, Kåre Høsflot. Dhahabu ikaenda kwake, Federico Pellegrino wa Italia wa pili, Lauri Vuorinen wa Finland wa tatu. Kwa wanawake Jonna Sundling wa Uswidi hakumpa mtu nafasi, Kristine Stavås Skistad wa hapa Norwe akashika ya pili.

Mtu mzima jirani yangu alilia Klæbo alipovuka mstari. Alisema amemwona huyu kijana akiwa mdogo kwenye hizi njia. Nikampa chai.

Ijumaa, 28 Februari

Leo hakuna mbio zetu, ni wale wanaoruka na ski na wenzao. Nikabaki nyumbani na kijana, akaniambia, "Tonton, leta ski zako chini." Chini ni kwenye stoo ya jengo, meza, taa moja, pasi ndogo, harufu ya nta iliyoyeyuka. Hii siku naiandika kwa kirefu kwa sababu nimejifunza kitu nilichokuwa nakitafuta kwa miaka minne.

Ski ya klasiki si ubao ulionyooka. Imepinda kama upinde, ukiilaza mezani ncha na mkia vinagusa, katikati imeinuka. Kijana akanisimamisha juu ya ski zote mbili sakafuni, akapenyeza karatasi chini ya mguu wangu, ikapita mbele na nyuma bila shida. "Sasa weka uzito wote mguu mmoja." Nikaweka. Akavuta karatasi, haikutoka. Basi siri yote iko hapo. Ukiteleza kwa miguu miwili, ile sehemu ya katikati haigusi theluji, ski inaenda tu. Ukipiga teke kwa uzito wako wote, katikati inashuka, inagusa, na pale pamepakwa nta inayoshika, inang'ata theluji kwa nusu sekunde na wewe unajisukuma juu. Ukichelewa kuhamisha uzito, ski inarudi nyuma. Kile kiganja cha yule dada wa Jumatano.

Kwa hiyo kuna nta mbili. Ya kutelezea inapigwa pasi mbele na nyuma, inapoa, inakwanguliwa, inapigwa brashi. Ya kushika inapakwa katikati tu, tabaka jembamba juu ya tabaka, unalainisha kwa kipande cha koki mpaka mkono uchoke. Baridi kali unatumia ya bluu, ngumu. Karibu na sifuri unaenda kwenye zambarau na nyekundu, laini zaidi. Theluji ya zamani iliyolowa na kuganda tena inataka klista, ile ya kwenye tyubu, inanata kama gundi ya ulimbo tuliyokuwa tunategea ndege. Na sifuri yenyewe, digrii sifuri na theluji mbichi inaanguka, kijana alitikisa kichwa tu. Ukipaka laini inakusanya barafu chini ya mguu, ukipaka ngumu inateleza. Na njia moja ina kivuli huku na jua kule, kwa hiyo unachopaka kwa kilima cha kwanza kinaweza kukusaliti kwenye cha tatu.

Nikauliza, sasa Norwe wanafanyaje? Wana lori zima la nta, mafundi, watu ambao kazi yao ni kujaribu ski tu tangu alfajiri, na mwanariadha mmoja ana jozi nyingi za kuchagua. Nta yenye florini ilipigwa marufuku na FIS kuanzia msimu wa 2023/24, ilikuwa na sumu na pia ilikuwa ghali mno, na hiyo imesaidia wadogo kidogo. Lakini ujuzi haukupigwa marufuku, na ujuzi ndio ghali zaidi. Nchi ndogo inakuja na kocha mmoja ambaye ndiye fundi, ndiye dereva, ndiye wa kubeba maji.

Sasa rudi Nagano. Theluji ya maji. Boit, miaka miwili ya ski. Nilikaa kwenye ngazi za stoo nikaikumbuka ile dakika 47 na kwa mara ya kwanza nikaiona kama namba, siyo kama kisa cha kuchekesha.

Jumamosi, 1 Machi

Skiathloni wanaume, kilomita 20, nusu klasiki nusu mtindo huru, na katikati wanaingia kibandani kubadilisha ski kama dereva wa rali anavyobadilisha tairi. Wote wanaanza pamoja. Klæbo akangoja, akangoja, akaondoka mwishoni. Martin Løwstrøm Nyenget wa pili, Harald Østberg Amundsen wa tatu, Norwe watupu. Msitu mzima unanuka soseji na moshi, watu wamelala kwenye mahema humu humu, familia zinagawana machungwa na chokoleti kwa watu wasiowajua. Nimekula machungwa ya watu wengi leo.

Jumapili, 2 Machi

Leo zamu ya wanawake na leo uwanja ulinyamaza. Therese Johaug alistaafu 2022, akarudi kwa ajili ya haya mashindano ya nyumbani, mama wa mtoto sasa. Alivuta kundi karibu njia yote, mmoja baada ya mwingine wakaachwa nyuma, isipokuwa Ebba Andersson wa Uswidi. Huyo hakubanduka. Wakaingia uwanjani wawili, na kwenye mita za mwisho Andersson akapita. Maelfu ya watu, na kwa sekunde kama mbili hakuna sauti. Halafu wakampigia makofi Mswidi, makofi ya kweli. Hilo nimelipenda sana kwa hawa watu na nalisema wazi.

Mama wa Bukavu alikuwa na sisi leo, baada ya ibada. Aliuliza, "Huyu wa pili analia juu ya nini, si ni mama, si amerudi kwa batoto yake mzima?" Kijana akaona aibu. Mimi nikaona ni swali zuri tu.

Jumatatu, 3 Machi

Mapumziko. Nikachukua ski zangu nikaenda Bymarka, ule msitu mkubwa wa juu ya mji, nikaamua nateleza kilomita 10 klasiki, saa mkononi, hakuna kusimama kupiga picha. Joto sifuri na kitu. Nilipaka nyekundu, kijana alisema afadhali zambarau, sikumsikia.

Kilomita mbili za kwanza safi. Kwenye kivuli cha miti ya misonobari chini ya mguu wa kushoto kukaanza kukusanya theluji, kwanza kama sarafu, halafu kama mandazi, mwisho nikawa natembea juu ya donge na ski haisongi mbele wala nyuma. Nikavua, nikakwangua kwa funguo ya nyumba, vidole vimekufa ganzi, nikavaa, mita mia nne ikarudi. Nikakwangua tena. Kilimani nikafungua ski kama mguu wa bata, hatua kwa hatua, mikono inatetemeka kwenye fimbo, na mzee wa miaka sabini hivi akanipita akasema "Heia, heia", kelele yao ya kutia moyo, kwa sauti ya chini.

Saa moja na dakika 22. Na mimi nimekuwa na miaka minne, msitu mlangoni, na mwalimu wa miaka 14 anayejua nta. Boit aliteleza hizo hizo kilomita 10 kwa dakika 47, kwenye njia ya Olimpiki yenye vilima ambavyo hivi vya Bymarka ni vitoto tu. Nilikaa kwenye benchi nikapiga simu nyumbani, nikamwambia mzee wangu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe huyo kijana alikimbia." Ndiyo mzee. Alikimbia.

Jumanne, 4 Machi

Kilomita 10 klasiki, wanawake na wanaume siku moja. Kila mmoja anaondoka peke yake, sekunde 30 baina yao, unashindana na saa, kama Nagano ile ile. Kwa wanawake Andersson tena, Johaug wa pili tena, Astrid Øyre Slind wa tatu. Kwa wanaume Klæbo, dhahabu ya tatu, Erik Valnes nyuma yake, Iivo Niskanen wa Finland wa tatu, na yule Niskanen jamani, klasiki yake ni ya kitabu, mguu unapiga kama nyundo na mwili hauyumbi.

Medali zikajulikana na watu wakaanza kuondoka. Wanakunja bendera, wanawahi basi. Mimi na kijana tulikuwa juu ya kilima, tukashuka mpaka karibu na mstari. Waliobaki kwenye njia walikuwa wanaingia kwa mapengo, mmoja, kimya, mwingine. Mtangazaji alisoma kila jina na kila nchi, hakuruka hata moja, sauti ile ile aliyomsomea Klæbo, nilimsikiliza kwa makini kuhusu hilo.

Kisha akatokea mmoja kwenye kona. Mifereji ya klasiki ilikuwa imeharibika kabisa, imepitiwa na kila mtu, imejaa theluji laini kama sukari iliyomwagikiwa maji. Alikuwa anasukuma kwa fimbo zote mbili kwa sababu miguu ilikuwa imekataa, kidevu kimelowa mate yaliyoganda, na kila akisukuma anatoa sauti, fupi, kama mtu anayepasua kuni. Kijana akaanza kugonga ubao wa tangazo kwa viganja. Nikamfuata. Familia moja iliyokuwa inaondoka ikasimama, ikarudi kwenye uzio. Labda tulikuwa watu thelathini. Alipovuka alianguka kwa ubavu, kama wanavyoanguka washindi wote, hakuna tofauti hata kidogo ukiangalia kifua kinavyopanda na kushuka. Mwenzake aliyemaliza kabla yake alikuwa amemngoja, akainama, akamfungua ski moja, halafu ya pili.

Kijana akaniuliza, "Tonton, ile ya Boit ilikuwa hivi?"

Nikamwambia ilikuwa hivi.

Jumatano, 5 Machi

Mama amenifungia sombe kwenye kopo la aiskrimu, kijana amenipa kopo la nta ya zambarau, nusu limetumika, lina alama ya kidole chake gumba. Treni imejaa. Kabla ya Dombås simu ikaniambia Klæbo na Valnes wamechukua sprinti ya timu, Sundling na Maja Dahlqvist upande wa wanawake. Nililala mpaka Hamar.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumbani, mbele ya TV. Kilomita 50, na Klæbo amemaliza kazi, mbio sita dhahabu sita, hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwenye mashindano ya dunia. Trondheim hii hii 1997 Yelena Välbe wa Urusi alishinda zote tano za wanawake, kwa hiyo Granåsen imeshaona miujiza. Siku hiyo hiyo kashfa ya suti za warukaji wa Norwe, zilizochezewa kinyume cha sheria, ikalipuka. Imeniuma, lakini sitaki ichafue hii safari yangu.

Jumapili, 9 Machi

Wanawake leo wameteleza kilomita 50 kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya dunia, kwa miaka mingi walikuwa wanapewa 30. Frida Karlsson dhahabu, na hivyo Waswidi wamezoa zote sita za wanawake. Johaug fedha, Heidi Weng shaba. Karlsson alipovuka, baada ya dakika chache matangazo yakahamia studio, watu kwenye viti wanachambua. Wengine walikuwa bado msituni.

Nikafungua matokeo kwenye simu. Majina yanaingia moja moja, bendera ndogo, dakika, sekunde. Nikaweka maji ya chai jikoni, nikarudi, limeongezeka moja. Nikakaa nayo hivyo mpaka jina la mwisho likaingia, nikalisoma kwa sauti pamoja na muda wake, ndipo nikazima.